Upepo Usiojaza Tanga: Upepo wa Jua na Sumaku za Mwezini

Mwambao wa Malindi na Kilifi una hazina kubwa ya maneno ya upepo. Kuna kaskazi, ambao huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na ambao kwa karne nyingi ulivileta vyombo kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kuna kusi, ambao uliwarejesha mabaharia hao makwao. Kuna matlai, na kuna umande utokao bara alfajiri, ambao mvuvi huutumia kutoka nao kwenda kuvua. Katika hazina hiyo, wanasayansi wa karne ya ishirini waliongeza upepo mmoja ambao hakuna nahodha aliyewahi kuutwekea tanga: upepo wa Jua.

Makala haya yanakusudia kueleza upepo huo ni nini, hufanya nini unapofika mwezini, na hasa unapokutana na yale maeneo machache ya Mwezi ambayo miamba yake ina sumaku. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba neno "upepo", ingawa katika maana hii limeingia kwa njia ya tafsiri, linaweza kuyabeba maelezo hayo barabara, mradi msomaji aonyeshwe mapema mahali linapofaa na mahali linapopotosha. Suala hili si geni kwa mwambao wenyewe. Mojawapo ya setilaiti zilizochunguza jinsi chembe za angani zinavyosukumana na sumaku ya Dunia ilirushwa kutoka bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Lakini hadi leo kijana wa Ngomeni anayetaka kujua setilaiti hiyo ilikwenda kutafuta nini hulazimika kuitafuta habari hiyo katika lugha ya kigeni.

Ni upepo gani huu?

Tabaka la nje kabisa la Jua lina joto linalozidi nyuzi milioni moja za Selsiasi. Katika joto la namna hiyo atomu haiwezi kubaki nzima. Elektroni, ambazo ni chembe nyepesi zenye chaji hasi, hubanduka. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya Jua ni haidrojeni, kinachobaki kwa wingi ni protoni, yaani chembe nzito zenye chaji chanya. Mchanganyiko huo wa chembe zilizotengana huitwa plazma. Mwaka 1958 mwanafizikia Mmarekani, Eugene Parker, alitoa hoja kwamba plazma hiyo haiwezi kutulia juu ya Jua: ni lazima itanuke, ishinde mvuto na kutiririka pande zote bila kukoma. Alipingwa vikali na baadhi ya wataalamu wa wakati wake. Haikupita miaka mingi kabla ya vyombo vya angani kumthibitisha. Vya Kisovieti vilitoa dalili za kwanza mwaka 1959, na chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 2 kikaupima mkondo huo kwa miezi kadhaa mwaka 1962.

Kasi ya kawaida ya upepo huo ni takriban kilomita 400 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, safari ya kutoka Malindi hadi Mombasa ingekwisha kabla ya msafiri kupepesa jicho. Hata hivyo, kutoka kwenye Jua hadi kwetu upepo huo huchukua siku nne hivi, ilhali mwanga huchukua dakika nane tu.

Hapa ndipo neno "upepo" linapoanza kupotosha. Upepo wa Jua ni mwembamba mno. Katika sentimita moja ya ujazo, ambayo ni kiasi cha ncha ya kidole, mna protoni tano hivi tu, ilhali kiasi hichohicho cha hewa ya ufukweni kina molekuli zisizohesabika kwa mabilioni ya mabilioni. Bendera iliyosimikwa mwezini haiwezi kupepea kwa upepo huo, na mtu hawezi kuuhisi usoni. Tofauti ya pili ina uzito zaidi. Kusi husukuma kila kilicho mbele yake, kiwe mti, tanga au vumbi, kwa sababu chembe za hewa hugongana. Chembe za upepo wa Jua hugongana kwa nadra sana. Kinachoziongoza ni umeme na sumaku: chembe yenye chaji inapoingia mahali penye nguvu za sumaku, hupindishwa njia na kuanza kuzunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Kwa hiyo upepo huu hupita penye sumaku dhaifu bila kujali, na hukunjika penye sumaku yenye nguvu hata pakiwa pamekosa ukuta wowote.

Jukwaa la Ngomeni na ngao kubwa ya Dunia

Katika ghuba ya Ungwana yamesimama majukwaa ya chuma yenye miguu baharini, ambayo Waitaliano waliyaweka katika miaka ya 1960. Aliyeongoza mradi huo alikuwa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma, na kituo hicho leo kina jina lake. Baina ya mwaka 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka jukwaa la San Marco kwa roketi za Kimarekani aina ya Scout. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ya ikweta. Pako nyuzi tatu hivi tu kusini yake, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka hapo hupata msukumo mkubwa wa bure kutokana na mzunguko wa Dunia, tena huingia kwa urahisi katika njia inayoizunguka ikweta.

Setilaiti inayokumbukwa zaidi kati ya hizo ni ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo ilichunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Inayohusu mada hii ni nyingine isiyotajwa sana, yaani Explorer 45, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 1971. Labda imesahauliwa kwa sababu ilipewa nambari badala ya jina.

Explorer 45 ilizunguka Dunia katika njia ndefu ya umbo la yai juu ya ikweta. Ilishuka hadi kilomita mia kadhaa kutoka ardhini, kisha ikapanda hadi takriban kilomita 27,000. Kazi yake ilikuwa kupima dhoruba za sumaku. Upepo wa Jua unapoikaribia Dunia hukuta uga mkubwa wa sumaku unaotoka katika kiini cha sayari, nao hupasuliwa na kupitishwa kandokando, mbali kiasi cha kilomita 60,000 na zaidi upande wa mchana. Upande wa usiku uga huo hunyooshwa ukawa mkia mrefu, unaopita hata umbali wa Mwezi. Baadhi ya chembe, hata hivyo, hupenya na kunaswa ndani, na wakati wa dhoruba huizunguka Dunia juu ya ikweta mithili ya mkufu wa umeme. Explorer 45 ilipita ndani ya mkufu huo tena na tena hadi mwaka 1974. Takwimu zake zilionyesha kwamba, dhoruba inapoanza, chembe za nishati fulani hutangulia kupenya ndani kuliko wenzao, na mchoro wake ukatokeza umbo ambalo watafiti walilifananisha na pua.

Hiyo ndiyo hali ya sayari yenye sumaku nzima. Nguvu za sumaku katika uso wa Dunia mwambaoni hapa huzidi nanotesla 30,000. (Nanotesla ni kipimo kidogo cha nguvu za sumaku, msomaji asiyekizoea na azilinganishe tarakimu tu.) Swali la kuvutia zaidi ni hili: upepo huohuo hufanya nini unapofika kwenye gimba lisilo na ngao?

Joshini na demani za Mwezi

Mwezi hauna angahewa ya kutajika, wala hauna uga wa sumaku unaouzunguka wote. Chombo cha Luna 2 kilichoufikia mwaka 1959 hakikuona sumaku ya maana. Mwaka 1967 Explorer 35, iliyokuwa ikiuzunguka Mwezi, ikathibitisha kwamba upepo wa Jua haupasuliwi mbele yake kama unavyopasuliwa mbele ya Dunia. Huupiga uso wenyewe, ukamezwa na udongo. Nyuma ya Mwezi hubaki shimo refu tupu lisilo na upepo.

Lugha ya mabaharia ina maneno mawili yanayofaa mno hapa. Upande wa chombo unaoelekea upepo huitwa joshini, na upande uliokingika huitwa demani. (Demani pia ni jina la msimu, kusi inapokaribia kwisha, msomaji asizichanganye maana hizo mbili.) Lile shimo tupu ni demani ya Mwezi. Joshini ndiko udongo unakopigwa na protoni mwaka baada ya mwaka kwa mabilioni ya miaka.

Basi ilikuwa ajabu pale wanaanga wa Apollo 12 walipotua mwezini Novemba 1969 na kipimio cha sumaku walichokiacha hapo kikaonyesha nanotesla 38. Aprili 1972, wakati Explorer 45 iliyotoka Ngomeni ikiendelea kuizunguka Dunia, wanaanga wa Apollo 16 walibeba kipimio cha mkononi katika nyanda za Descartes. Katika kilomita chache tu vipimo vyao vilitofautiana sana, na cha juu kabisa kikafika nanotesla 313. Hiyo ni sehemu moja tu katika mia ya sumaku ya Malindi, lakini ni nyingi kwa gimba lililodhaniwa kuwa halina kabisa.

Ili kuielewa tofauti hiyo, na tufikirie dira. Nahodha akitoka Malindi kwenda Lamu, dira yake itaelekea upande mmoja safari nzima, kwa sababu sumaku ya Dunia ni moja na ina mpango. Mtu akitembea na dira mwezini, sindano itaelekea huku, na baada ya mwendo mfupi igeuke kule, kisha mahali pengi ikose mwelekeo kabisa. Sumaku za mwezini ni viraka. Maelezo yanayokubalika kwa sasa ni kwamba, zaidi ya miaka bilioni tatu na nusu iliyopita, kiini cha Mwezi kilikuwa na chuma cha moto kilichokuwa kikizunguka na kuzaa uga wa sumaku kama wa Dunia. Miamba iliyopoa wakati huo ilihifadhi sumaku hiyo, huku yenyewe ikizimika baadaye. Pengine baadhi ya viraka vyenye nguvu vilipata chuma chake kutoka kwenye vimondo vikubwa vilivyougonga Mwezi.

Mwamba na milango yake

Je, kiraka dhaifu namna hiyo kinaweza kuuzuia upepo wa kilomita 400 kwa sekunde? Kwa hesabu ya kawaida jibu lingekuwa hapana. Protoni ni nzito; hata katika sumaku kali kama ile ya Descartes ingehitaji zaidi ya kilomita kumi kujipinda, na viraka vingi havina nguvu hiyo hadi juu. Elektroni, ambayo uzito wake haufikii hata sehemu moja kati ya 1,800 za protoni, hupindishwa mara moja. Siri yote imo katika tofauti hiyo. Upepo unapoteremka juu ya kiraka, elektroni husimamishwa kwanza, ilhali protoni zinaendelea chini kwa uzito wake. Chaji hasi zikibaki juu na chanya zikitangulia, huzuka umeme baina yao, na umeme huo huzivuta protoni kuzirudisha zilikotoka. Kwa maneno mengine, sumaku huzikamata elektroni, kisha elektroni huzizuia protoni. Kwa ajili hiyo kiraka dhaifu hufanya kazi kubwa kuliko nguvu zake.

Nadharia hiyo ilipata ushahidi mzuri kutoka kwa chombo cha India, Chandrayaan-1, kilichouzunguka Mwezi mwaka 2008 na 2009 kikiwa na kifaa kilichotengenezwa kwa ushirikiano wa Wasweden na Wahindi. Kifaa hicho kiligundua kwanza kwamba hadi protoni moja katika kila tano zinazoupiga udongo wa Mwezi hunyakua elektroni, zikawa atomu kamili za haidrojeni na kurudi angani. Atomu isiyo na chaji haipindishwi na sumaku. Huenda moja kwa moja kama mwanga. Kwa hiyo iliwezekana kuuchora uso wa Mwezi kwa atomu hizo, na mahali palipokosa atomu pakawa ndipo upepo usipofika. Mwaka 2010 ilitolewa picha ya kivuli cha namna hiyo upande wa Mwezi usioonekana kutoka duniani, chenye upana wa takriban kilomita 360, kikiwa kimezungukwa na ukanda ambako atomu zilizidi kwa sababu upepo uliopinduliwa ulimiminikia huko. Uchunguzi mwingine wa chombo hichohicho ulionyesha kwamba juu ya viraka hivyo kiasi cha protoni moja katika kumi hurudishwa kabla ya kugusa ardhi, na palipo na nguvu zaidi hufika nusu.

Nusu nyingine, basi, hupita. Neno "ngao" linaloelekea kutumiwa kueleza jambo hili halifai sana, kwani ngao huzuia au hutoboka. Mfano ulio bora ni mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na pwani ya Malindi na Watamu. Mwamba hauikaushi bahari. Huvunja wimbi, ukapunguza nguvu zake, na ndani pakabaki maji matulivu. Tena una milango, na palipo na mlango wimbi huingia hadi ufukweni. Viraka vya mwezini vina milango pia. Palipo na mistari ya sumaku iliyolala sambamba na ardhi, protoni huzuiwa. Mistari inaposimama wima, huzifungulia njia zikateremka.

Mabaka meupe

Jambo hili huenda linaonekana hata kwa darubini ya kawaida. Katika bahari kavu iitwayo Oceanus Procellarum, magharibi ya uso wa Mwezi tunaouona, pana alama nyeupe ya urefu wa kilomita 70 hivi iitwayo Reiner Gamma. Ina kiini cha umbo la yai na mikia iliyojipinda, na ndani yake mna michirizi myeusi. Si mlima wala si kasoko. Ni rangi tu, kama vile maji ya mto Sabaki yanavyochora baharini michirizi ya udongo wakati wa mvua huku bahari yenyewe ikibaki sawa. Chini yake pana mojawapo ya viraka vyenye sumaku nyingi zaidi upande huo.

Ufafanuzi wenye nguvu zaidi unasema kwamba udongo wa Mwezi hubadilika rangi na kuwa mweusi kwa kupigwa na upepo wa Jua na vimondo vidogo. Palipokingwa na sumaku udongo umezeeka polepole, hivyo umebaki mweupe. Michirizi myeusi ni ile milango iliyotajwa hapo juu. Ufafanuzi huo unaungwa mkono na jambo jingine. Protoni zinazoingia ardhini huungana na oksijeni ya miamba, na mwaka 2009 Chandrayaan-1 ilitangazwa kuwa imeona dalili za muungano huo wa oksijeni na haidrojeni mahali pengi mwezini. Kwenye mabaka meupe dalili hizo hupungua, kama inavyotarajiwa mahali ambapo protoni ni chache. Wapo wanaosema kwamba mabaka yaliletwa na vumbi laini linalosogezwa na umeme, au na vimondo vya barafu vilivyogonga na kutifua udongo. Hoja ya vumbi haijavunjwa na huenda ikasaidiana na ile ya kwanza. Hoja ya vimondo vya barafu ina kazi ngumu zaidi ya kueleza kwa nini michirizi hufuata mpangilio wa sumaku.

Lipo jambo moja la kalenda ambalo mvuvi wa hori la Mida angelipenda. Mwezi unapokuwa mpevu huwa upande wa pili wa Dunia kulitazama Jua, na hapo huingia katika ule mkia wa sumaku ya Dunia. Kwa siku chache kila mwezi upepo wa Jua haulipigi joshi la Mwezi. Ni siku zilezile za bamvua, maji yanapojaa hadi kwenye mikoko na kutoka hadi mwamba ukaonekana.

Kuhusu majina

Istilahi za elimu hii bado zinayumba. "Uga wa sumaku" limeenea katika vitabu vya fizikia, lakini uga kwa Mswahili ni uwanja ulio mbele ya nyumba, mahali wazi pa kuanikia nafaka na kuchezea ngoma. Neno limechaguliwa kwa kufuata kisawe cha kigeni. Ni vigumu kulibadilisha sasa, na pengine hapana haja, ilimradi mwalimu aeleze kwamba uga huu hauna udongo wala mpaka. "Upepo wa Jua" nalo libaki. "Demani ya Mwezi" linastahili kufikiriwa na wanaistilahi kuliko tafsiri ndefu za "eneo tupu lililo nyuma ya Mwezi", kwani limekwisha kuwapo katika lugha na lina maana hiyohiyo. Kiswahili hakikulisubiri roketi ili kijue kwamba kila kizuizi kina upande wa upepo na upande wa utulivu.

Limebaki jina la zile alama nyeupe. Wanaotafsiri huelekea kuzungumzia mizunguko au vizingia, kwa kuwa jina lake la kigeni hutokana na umbo la kuzunguka. Makala haya yametumia "mabaka" kwa makusudi. Baka hujulikana kwa rangi iliyotofautiana na ngozi inayolizunguka, na mtu akilipapasa gizani hawezi kujua lilipoanzia wala lilipoishia. Chombo kinachopima vilima na mabonde vya Mwezi nacho, kikipita juu ya Reiner Gamma, hakioni kitu.